Kususiana na Kuzikana: Siasa na Ujirani katika Visiwa vya Unguja na Pemba

Kila ufikapo mwezi wa Julai, watu wa Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, hukoga mwaka wao, na katika ada za siku hiyo iko moja ambayo mgeni huitazama akistaajabu: wanaume wa upande mmoja wa mji hukabiliana uwanjani na wanaume wa upande wa pili, wakapigana kwa vigogo vya mgomba, kila mmoja akiwa na ruhusa ya kuutoa mbele za watu ule uchungu aliouweka moyoni tangu mwaka uliopita, ilhali wanawake, wamejipamba, hupita wakiimba nyimbo zisizomstahi mtu. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto, ugomvi huhesabiwa kuwa umekwisha, na wale wale waliopigana huenda wakala pamoja, na nyumba isiyopata mgeni siku hiyo huonekana imekosa baraka. Naitaja ada hii mwanzoni kwa kuwa wako watu wengi wanaodhani ya kwamba kusuhubiana na mtu ambaye rai yake ni kinyume cha yako ni fundisho jipya, lililoletwa na semina na makongamano ya zama zetu, ilhali watu wa visiwa hivi, na wa mwambao mzima, walikuwa na elimu yao juu ya jambo hilo tangu kale. Elimu iliyofanya kazi, kisha ikavunjwa, na kuvunjwa kwake kunaweza kuelezwa kwa tarehe na miaka.

Miji ya Waswahili aghlabu ilikuwa miji ya pande mbili. Lamu ilikuwa na Mkomani na Langoni. Mombasa ilikuwa na Thelatha Taifa na Tisa Taifa, kila upande na wazee wake na madai yake. Na zilipoenea ngoma za beni katika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, vijana wa miji mingi ya pwani wakajigawa Marini na Arinoti, wakashindana kwa mavazi, kwa bendera na kwa karamu zilizowatia wengine katika madeni. Na hata uhasama wa silaha haukuyakata maneno baina ya watu. Katika zama zile za ugomvi wa Lamu na Mombasa, ugomvi uliozaa vita vya Shela takriban mwaka 1812, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu walijibizana kwa mashairi, kila mmoja akiutetea mji wake. Na anayejua sanaa hiyo anajua pia ya kuwa mtu hawezi kulijibu shairi la mwenziwe ila kwanza alipokee, alisome neno kwa neno, aishike mizani yake na vina vyake, kisha ndipo arudishe. Huo ni upinzani, tena mkali, lakini ni upinzani wa watu wanaosikizana.

Jambo lililoyazuia mashindano haya yasigeuke kuwa kuchukiana kwa daima halikuwa upole wa tabia, maana watu wa pwani si wapole kuliko wanaadamu wengine wanapochokozwa. Lilikuwa ni wajibu, na wajibu huo ulikuwa na mahali pake panapojulikana: kisimani, msikitini, harusini, kwa mgonjwa, na juu ya yote kaburini. Kumwosha maiti, kumkafini, kumsalia na kumzika ni fardhi kifaya. Wakiitimiza baadhi ya watu, waliobaki husalimika, na asipoitimiza hata mmoja, mji mzima umeingia katika dhambi. Katika kijiji cha Unguja au cha Pemba hakukuwa na mtu wa kulipwa ujira wa kuzika. Alfajiri ya msiba hutoka vijana na majembe bila ya kuitwa kwa majina, mwingine akaleta maji, mwingine sanda, mwingine ubani, wanawake wakakusanyika jikoni, na jeneza likapokewa bega kwa bega hadi makaburini, kila apitaye njiani akaona ni haki yake kutia bega japo hatua chache. Hakuna aliyeulizwa alikuwa na rai gani ya maiti huyo alipokuwa hai. Kadhalika kumjulia hali mgonjwa, kuitikia wito wa karamu, kurudisha salamu, yote haya yamehesabiwa na dini kuwa ni haki za Muislamu juu ya Muislamu mwenziwe, na haki hailipwi kwa sababu umependezwa na mdai.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaouhesabu urafiki wa wapinzani kuwa ni jambo la moyo tu, kana kwamba ukisha kuwa na moyo mkunjufu basi umemaliza. Moyo hubadilika kwa hotuba moja. Kilichowashika wazee wetu ni kwamba Fulani, hata akiwa amekutukana jana uwanjani, ndiye atakayemshika mamako mguuni siku ya kumteremsha kaburini, na wewe utamfanyia mamake vivyo hivyo. Na kwa kuwa kila mmoja alijua hayo, matusi ya jana yalikuwa na kikomo. Adhabu kubwa kabisa ambayo kijiji kiliweza kumpa mtu asiyejali wenziwe ilikuwa ni kumtenga katika mambo hayo, na kwa uzito wake haikutolewa ila kwa nadra, wala haikutolewa kwa sababu ya rai.

Basi ikaja siasa. Watu wa Zanzibar wenyewe huiita miaka ile zama za siasa, nayo ni miaka michache mno, takriban kuanzia mwaka 1957 hadi 1963, lakini wazee walioiona huitaja kana kwamba ni umri mzima. Kabla ya hapo watu walikuwa wamekwisha kugawanywa na serikali ya Kiingereza kwa jumuiya za makabila, Jumuiya ya Waarabu, Jumuiya ya Waafrika, Jumuiya ya Washirazi, na magawanyo hayo yalikuwa na athari zake mbaya. Walakini jumuiya hizo hazikuwania kura, wala hazikuwa na haja ya kuhesabu vichwa mlango kwa mlango. Mwezi wa Disemba 1955 kilizaliwa chama cha Zanzibar Nationalist Party, ambacho watu walikiita Hizbu na alama yake ikawa jogoo. Mwezi wa Februari 1957 Jumuiya ya Waafrika na ile ya Washirazi zikaungana, na umoja huo ndio uliokuja kuwa Afro-Shirazi Party. Na mwezi wa Julai mwaka huo huo watu wakaenda kupiga kura kwa mara ya kwanza. Huko Ng'ambo, Abeid Karume, aliyekuwa baharia na mtu wa bandarini, alimshinda Ali Muhsin, msomi wa Makerere na mhariri wa gazeti la Mwongozi. Ni vigumu kuwapata watu wawili waliohitilafiana zaidi kwa malezi na kwa dira. Hata hivyo nchi waliyokuwa wakiigombania ilikuwa na watu wapatao 300,000 tu kwa hesabu ya mwaka 1958, Unguja na Pemba kwa pamoja, na katika nchi ya kadiri hiyo mpinzani wako si jina unalolisoma gazetini. Unamjua babake, unajua anapokaa, huenda mmesoma chuo kimoja, huenda mkeo ni wa ukoo wake.

Mwaka uliofuatia uchaguzi ule, 1958, ndio mwaka ambao mimi ningeutia alama katika taarikhi ya jambo hili, kuliko hata miaka iliyomwagika damu. Katika mashamba ya karafuu na minazi ya Unguja walikuwako watu wengi wasio na ardhi yao, waliokaa katika shamba la mwingine, wakalima muhogo na mtama na viazi baina ya miti, bila kodi, na mwenye shamba akapata faida ya ardhi yake kupaliliwa na miti yake kulindwa. Mapatano hayo hayakuandikwa popote. Yalisimama juu ya kujuana na kuhitajiana, na juu ya adabu ambayo, nakiri, ilimpa mmoja cheo na mwingine unyenyekevu, sitaki kuipamba. Baada ya uchaguzi, baadhi ya wenye mashamba, waliokuwa wa Hizbu, wakawafukuza wakaazi wa namna hiyo waliokuwa wa Afro. Na wafuasi wa Afro nao wakajibu kwa silaha waliyokuwa nayo, yaani wakayasusia maduka ya Waarabu, mengi yao yakiwa ni maduka madogo ya shamba ya Wamanga, yaani Waarabu waliotoka Omani, wauzaji wa mchele, mafuta ya taa na sukari, watu waliokuwa wakikopesha hadi mavuno na kuandika deni katika daftari lililokunjamana. Yakafunguliwa maduka mengine ya kuwauzia watu wa upande mmoja. Kisha susio likapanda gari: abiria akatazama kwanza dereva ni wa chama gani, ndipo apande au asubiri juani. Kisha likaingia ngomani, na harusini, na katika ndoa zilizokwisha kufungwa. Na mwisho likafika kwenye jeneza. Watu walioishi kitongoji kimoja tangu babu zao wakaacha kuzikana.

Lazima hapa nifanye insafu. Aliyefukuzwa katika kiambo alichokaa, na muhogo wake ukiwa bado ardhini, ana haki gani nyingine ya kusema ila kukataa kumpa senti yake yule anayemwona kuwa ni mwenzi wa aliyemfukuza? Kususia duka ni silaha ya mnyonge katika nchi nyingi, na hapa pia ilikuwa hivyo. Ni namna ya kupatana bei, na siku mapatano yakifikiwa mtu hurudi dukani, biashara ikaendelea. Lakini kususia maziko ni jambo la jinsi nyingine kabisa. Halimwadhibu aliyekosa, kwa kuwa yeye amekwisha kuondoka. Humwadhibu mwanawe, ambaye aliwahesabu majirani waliokuja na wasiokuja, na hesabu hiyo haifutiki, kwa sababu babake hatakufa mara ya pili ili kosa lirekebishwe. Viongozi wa vyama vyote viwili walijua hivyo, nao walikuwa Waislamu walioijua hukumu ya jambo lenyewe. Walio wengi kati yao walinyamaza, na wengine walishangilia, maana kijiji kilichokwisha kususiana hadi makaburini ni kijiji ambacho kura zake hazihami.

Palikuwa na jaribio la kusuluhisha. Umoja wa vyama vya kupigania uhuru wa Afrika ya Mashariki na ya Kati, uliozaliwa Mwanza mwezi wa Septemba 1958, uliwashinikiza Hizbu na Afro waache kupigana wenyewe kwa wenyewe na wamkabili Mwingereza, na ikaundwa kamati ya pamoja ya uhuru, na wakubwa wakaonekana jukwaa moja. Haikudumu. Nadhani sababu yake ni kwamba iliwapatanisha wakubwa juu ya jambo la mbali, yaani uhuru, ikaliacha daftari la mwenye duka na kaburi la kijijini kama yalivyo. Mwishoni mwa mwaka 1959 Afro-Shirazi yenyewe ikapasuka, na Mohamed Shamte na wenziwe wakaunda chama cha tatu, Zanzibar and Pemba People's Party, kilichokuwa na mizizi zaidi Pemba.

Pemba inahitaji maneno yake mbali. Huko mikarafuu haikuwa mikononi mwa wachache kama ilivyokuwa Unguja. Mpemba wa kawaida alikuwa na miti yake, na Waarabu na Washirazi walikuwa wamekwisha kuoana kwa muda mrefu hata nasaba zikaingiliana, hivyo mtu hakuweza kuijua rai ya mwenziwe kwa kumtazama uso. Ungetaraji basi kwamba Pemba isingejua chuki ya vyama. Na kwa hakika mauaji yaliyokuja baadaye hayakupiga huko kama yalivyopiga Unguja. Lakini susio lilipiga sana, na lilipiga ndani ya nyumba, kwa kuwa mpasuko haukufuata kabila ila ulifuata rai, na rai hukaa baina ya ndugu wawili waliolala chumba kimoja. Katika uchaguzi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilichukuliwa na Afro-Shirazi kwa ziada ya kura moja. Kura moja! Fikiri juu ya mji mdogo ambao kila mtu anajua kuwa kura moja ndiyo iliyoamua, na kila aliyeshindwa anajiuliza ni nani kati ya jamaa zake hakwenda kituoni, au alikwenda akafanya vingine.

Matokeo ya uchaguzi ule yalikuwa Afro viti kumi, Hizbu tisa, na chama cha Shamte vitatu. Watatu hao nao wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, nchi ikakwama kumi na moja kwa kumi na moja. Ikaongezwa jimbo moja, uchaguzi ukarudiwa tarehe 1 Juni 1961, na siku hiyo fujo zikaanzia mjini, zikaenea mashamba, na zilipotulia watu 68 walikuwa wameuawa, karibu wote Waarabu, na wengi wao ni wale Wamanga wa mashamba. Serikali iliunda tume ya kuchunguza sababu. Kwangu mimi yatosha kuufuata mpangilio wa matukio. Waliouawa mwaka 1961 walikuwa ni watu wa hali ile ile ya waliosuswa mwaka 1958, na baina ya miaka hiyo miwili walikuwa wamegeuzwa kuwa watu wasiopewa salamu, wasionunuliwa, wasioshirikishwa katika furaha wala katika msiba. Mtu uliyekunywa kahawa naye jana ni vigumu kumwinulia panga leo. Mtu ambaye hujasema naye kwa miaka mitatu, na ambaye maiti wake ulimpita njiani ukageuza uso, amekwisha kuwa mgeni, na ugeni huo ndio ulioifanya kazi ya mauaji iwe nyepesi.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayapita kwa haraka. Katika uchaguzi wa Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini ikapata viti 13 katika 31, na wenzi wawili, Hizbu na chama cha Shamte, wakaunda serikali. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba. Na tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yakaiangusha serikali hiyo, maelfu ya watu wakauawa na maelfu wengine wakavuka bahari, hata leo katika mitaa ya Maskati utasikia Kiswahili cha Unguja kikisemwa na wajukuu wasiowahi kuiona. Ali Muhsin alikaa gerezani Tanzania Bara hadi mwaka 1974. Vyama vikapigwa marufuku kikabaki kimoja, na wako waliodhani kuwa kuondoka kwa vyama kutaondoa uhasama. Kumbe mwaka 1969 Othman Shariff na Abdulla Kassim Hanga, wote wawili watu wa Afro-Shirazi tangu zama za siasa, waliuawa na serikali ya chama chao wenyewe. Si kila aliyenyamaza alikuwa amekubali. Na pamoja na hayo yote, katika kumbukumbu za waliosalimika mna habari nyingi za jirani wa Afro aliyemficha jirani wa Hizbu chini ya kitanda chake, na za mwanamke aliyewadai watoto wa watu kuwa ni wake mlangoni mbele ya silaha. Watu hao hawakuwa wamebadili rai. Walikuwa wamebaki na wajibu.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, na katika uchaguzi wa tarehe 22 Oktoba 1995 Salmin Amour wa Chama cha Mapinduzi alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya asilimia 49.8 za Seif Sharif Hamad wa Chama cha Wananchi, CUF. Viti vyote 21 vya Pemba vilikwenda CUF. Yule aliyekuwa mtoto katika zama za siasa alikuwa sasa baba wa familia, na alipoona mambo yanavyokwenda hakuhitaji kufundishwa. Susio likarudi na njia zake zote, duka, gari, msikiti, jeneza, kana kwamba lilikuwa limewekwa kabatini kwa miaka thelathini likasubiri kutolewa. Hata kahawa ikachagua chama: Michenzani wafuasi wa CCM walikuwa na maskani yao mashuhuri ya Kisonge, yenye ubao wa kuandikia maneno makali juu ya wapinzani, na mitaa ya Mji Mkongwe ikawa na vijiwe vyake, maarufu zaidi kile cha Jaws Corner, ambako upepo wa siasa ulivuma upande wa pili. Zamani baraza ya mawe mbele ya nyumba iliwakutanisha waliokaa kichochoro kimoja, wapende wasipende. Maskani ya chama huwakutanisha waliokwisha kukubaliana. Wala sioni ajabu kwamba hoja zilizokuwa zikinolewa kwa kupingwa ziligeuka kuwa kelele za kupokezana. Tarehe 27 Januari 2001 polisi wakawapiga risasi waandamanaji, watu wengi wakafa, zaidi ya watu 2,000 wakakimbilia Shimoni, pwani ya Kenya, na Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi, ikawa imetoa wa kwake.

Muafaka wa kwanza baina ya CCM na CUF ulikuwa umetiwa saini mwaka 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola, na wa pili ukatiwa saini Oktoba 2001. Yote miwili ilikuwa ni mapatano ya vyama, yenye vifungu na ratiba, na yote miwili ikafia katika utekelezaji. Jaribio lililofanikiwa lilianza kwa namna nyingine. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais Amani Abeid Karume, mwana wa yule Karume wa mwaka 1957, alimpokea Seif Sharif Hamad, ambaye watu walimwita Maalim Seif, Ikulu ya Zanzibar, wakakaa watu wawili, bila ya msuluhishi kutoka nje. Kisha kazi ikakabidhiwa kamati ya watu sita, watatu wa kila upande: kwa CCM Mzee Hassan Nassor Moyo, aliyekuwa mwenyekiti, Mansoor Yussuf Himid na Eddy Riyami, kwa CUF Abubakar Khamis Bakary, Ismail Jussa na Salim Bimani. Mzee Moyo alikuwa waziri tangu serikali ya kwanza ya Mapinduzi. Hakuna aliyeweza kumwambia kuwa hajui yaliyopita, wala kuwa anayadharau, na nadhani hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake: alikuwa na rai yake, kila mtu aliijua, naye hakuificha ili apendwe na wale aliokaa nao mezani.

Mwezi wa Januari 2010 Baraza la Wawakilishi lilijadili hoja iliyoletwa na Abubakar Khamis Bakary, kiongozi wa upinzani, na wajumbe wa pande zote wakaipitisha. Tarehe 31 Julai wananchi wakaulizwa kwa kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali kuwe na serikali ya umoja wa kitaifa. Itafaa kukumbuka kuwa theluthi moja ya watu walikataa, nao hawakuwa watu wabaya. Wengi wao walikuwa na kaburi wanalolijua. Mwezi wa Oktoba Dkt. Ali Mohamed Shein wa CCM alishinda kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim Seif, tofauti ndogo kabisa ambayo miaka ya nyuma ingetosha kuwasha moto, na Maalim Seif akayakubali matokeo, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais. Wanaoikumbuka miaka iliyofuata hawakusifu kwanza vifungu vya katiba. Walisema kuwa watu wameanza tena kwenda mazikoni kwa wenzao, na kwamba harusi moja imewakusanya Kisonge na Jaws Corner pamoja. Lakini wale waliofanya kazi hiyo hawakupata shukrani ya kudumu: Aprili 2015 Mzee Moyo alifukuzwa uanachama wa CCM, akiwa mzee wa miaka themanini na zaidi.

Uchaguzi wa Oktoba mwaka huo ulifutwa tarehe 28 baada ya watu kwisha kupiga kura, ukarudiwa Machi 2016 CUF ikiwa imeususia, na huko Pemba susio la mitaani likarudi kwa mara ya tatu katika umri wa mzee mmoja. Ndipo tarehe 14 Agosti 2016 akafariki Mzee Aboud Jumbe, Rais wa pili wa Zanzibar, na katika maziko yake Rais Shein alimnyooshea mkono Maalim Seif, na Maalim Seif hakuupokea. Jambo hilo lilizungumzwa nchi nzima. Wengine walimlaumu kwa ukosefu wa adabu mbele ya maiti; wengine walimsifu kwa kuwa hakutaka kutoa kwa mkono kile ambacho moyo wake haukukitoa, na walisema mkono ule, kama angeupokea, ungetangazwa kesho yake kuwa ni kuyakubali matokeo. Miaka minne baadaye, baada ya uchaguzi mwingine uliomwaga damu, akiwa sasa katika ACT-Wazalendo, aliingia tena katika serikali ya umoja chini ya Rais Hussein Mwinyi, akaapa Disemba 2020, na tarehe 17 Februari 2021 akafariki. Rais Mwinyi akatangaza siku saba za maombolezo.

Nimesikia hoja za pande zote mbili juu ya mkono ule, na nionavyo zote zimekipita kile kilichokuwa na uzito zaidi siku ile. Maziko yalikuwa ya Aboud Jumbe. Mwezi wa Januari 1984, pale Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Dodoma na Jumbe akalazimika kujiuzulu urais kwa sababu ya rai yake juu ya Muungano wa Zanzibar na Tanganyika, Seif Sharif Hamad alihesabiwa miongoni mwa waliosimama kumpinga, na baada ya kuanguka kwake yeye ndiye aliyekuwa Waziri Kiongozi. Miaka minne baadaye Seif mwenyewe alifukuzwa katika chama hicho, akawekwa kizuizini, akajenga chama cha upinzani. Hawa walikuwa watu wawili ambao kila mmoja angeweza kumwandikia mwenziwe orodha ndefu ya makosa. Na Jumbe alipokufa, Seif alikwenda akasimama safu ya sala, akamsalia, na kwa Rais aliyesimama karibu yake akakataa kutoa kile ambacho aliona si haki ya mtu huyo juu yake. Mkono ulikuwa ni wa siasa, nao akauzuia. Sala ilikuwa ni haki ya maiti, akailipa. Watu wa Unguja na Pemba wa mwaka 1958 walipewa nafasi ya kuitenga mizani hiyo miwili, wakaichanganya. Na kila mara baada ya hapo walipoweza kuitenga tena, waliweza kubishana hadi usiku wa manane na asubuhi yake wakaonana.